Msikiti Tuliouezua Wenyewe

Siku ile nilipouona msikiti wetu unang'aa, nilishika mdomo kwa mikono miwili, nikasahau kabisa kwamba nyuma yangu amesimama bosi wangu. Ulikuwa mweupe pepepe, mweupe wa kuumiza macho. Nilikuwa nimeuacha wa kijivu, una kuvu za kijani upande wa kisima na mizizi iliyojipenyeza kwenye mawe. Sasa mizizi haikuwapo, kuvu hazikuwapo, na hata ule ufa mkubwa wa mlangoni, ambao sisi watoto tulikuwa tukiingiza vidole ndani yake, ulikuwa umezibwa kwa saruji.

"Ndio huu?" bosi aliniuliza kwa sauti ya chini.

Mama alikuwa anatujia kwa haraka, amejifunga leso mpya doti nzima, uso umemchangamka kama wa mtu anayeoza mwana. Nyuma yake kina mama wa kijiji kizima walikuwa na chokaa kwenye vidole na visigino.

"Tumekusitiri, mwanangu," aliniambia sikioni. "Mbele ya mkubwa wako. Hatukukutia aibu."

Mimi wakati ule nilikuwa mpiga taipu katika idara ya serikali ya mambo ya kale, afisini Mombasa. Uhuru ulikuwa bado mbichi. Bosi wangu alikuwa Mwafrika wa kwanza kukikalia kile kiti, mtu wa bara, mpole, mwenye Kiswahili cha kitabuni na miwani iliyomteremka puani kila alipoinama. Kazi ya idara ilikuwa kutafuta magofu, makaburi na miji iliyomezwa na msitu, kuyaandikia ripoti, na kuyatangaza kuwa chini ya ulinzi. Mahali pakishatangazwa katika Gazeti la Serikali, hakuna mkono wa kupagusa, hata uwe mkono wa tajiri wa namna gani. Maneno hayo niliyapiga taipu mara nyingi hata nikayahifadhi kama sura za juzuu ya amma.

Ndiyo maana vigingi vilipotokea pwani kwetu, mtu wa kwanza niliyemkimbilia alikuwa ni yeye.

Kwetu ni kati ya Mwabungo na Galu. Msikiti wenyewe hakuna aliyejua nani aliujenga. Wazee waliukuta, na wazee wa wazee nao waliukuta. Kuta zake ni za matumbawe, mihirabu yake, pale anaposimama imamu, imechongwa majani na mafundo, na juu ya mihirabu zimepachikwa sahani za kichina zenye maua ya buluu. Paa la mawe lilianguka zamani za kale, wakaweka makuti, na kila makuti yalipochakaa wanaume waliezeka upya. Imamu alikuwa mjomba wangu, kaka yake Mama. Ubavuni mwa msikiti kuna makaburi, na moja katika hayo ni la baba yangu. Kila Ijumaa baada ya alasiri Mama alikuwa akienda na kata ya maji, akayanyunyiza juu ya kaburi, halafu akachutama na kumpa Baba habari za wiki: nani kaozwa, mbuzi wa nani kala mihogo ya nani. Sisi tulizoea. Hatukuona ajabu.

Basi wakaja wapima ardhi. Wakapanda vigingi vya saruji kutoka upande wa Galu hadi kwetu, kimoja karibu kabisa na birika la kutawadhia. Walisema tajiri mmoja amepewa ufuo ule ajenge hoteli. Mjomba akauliza habari ya msikiti, akaambiwa tutaonyeshwa mahali pengine pa kujenga.

"Na walio chini?" Mama aliuliza.

Hawakumwelewa. Walipomwelewa, mmoja wao, kijana mwenye adabu zake, alisema, "Makaburi huhamishwa, mama."

Mama alikaa chini kwenye mchanga, pale pale alipokuwa amesimama. Mama yangu ni mtu wa maneno, anaweza kugombana na jogoo. Siku ile sikumsikia akisema kitu.

Bosi alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akasema atakuja Jumamosi aone mwenyewe. Kama msikiti uko nilivyoueleza, ataupeleka ukatangazwe kabla tajiri hajaleta matrekta. Nikatuma salamu kwa mchuuzi wa samaki wa kwetu: mgeni wa serikali anakuja kuutazama msikiti, mjomba awepo. Sikuongeza neno. Ningeongeza nini? Ningejuaje kwamba mtu anahitaji kuambiwa asioshe msikiti?

Lakini sisi ndivyo tulivyo. Mgeni akija, nyumba hukandikwa, ua hufagiliwa, na kikombe chenye pengo hufichwa uvunguni. Itakuwaje mgeni wa serikali aukute msikiti una kuvu? Wanaume walichoma matumbawe, wakapata chokaa ya kutosha kuta zote, ndani na nje. Kina mama waliteka maji. Mchuuzi mmoja wa Ukunda akatoa saruji ya sakafu, apate thawabu.

Bosi aliingia ndani, nami nikamfuata. Alipitisha mkono ukutani, vidole vikarudi vyeupe. Akasimama mbele ya mihirabu. Ilikuwa laini kama yai.

"Michongo iko wapi?" aliuliza.

"Ilikuwa imeliwa na chumvi, bwana," Mjomba alimjibu kwa furaha. "Inatia haya. Fundi ameisawazisha."

Nilitazama juu. Sahani za kichina hazikuwapo. Mahali pake palikuwa na sahani mpya za bati, zile za kuuzwa dukani, zenye waridi jekundu katikati. Nilimwuliza Mama zile za zamani ziko wapi, akaniambia nisiwe na wasiwasi, zilikuwa zimepasuka, hazikufaa kuonekana. Tulipotoka nje niliiona moja. Ilikuwa karibu na mlango wa jiko letu, na kuku walikuwa wanainywea maji. Bosi naye aliiona. Alichutama mbele ya wale kuku akaitazama kwa muda mrefu, na nilidhani mtu mzima yule atalia.

Hakulia. Alikuwa muungwana. Alikula wali wa nazi na samaki wa kupaka, akasifu, akanawa. Kisha akawaambia wazee ukweli.

"Wazee wangu, mmeutunza vizuri mno, na hilo ndilo tatizo langu. Sheria niliyopewa inalinda magofu. Jengo lenye paa, lenye sakafu mpya, ambalo watu wanaswali ndani yake, hilo si la idara yangu, ni lenu. Siwezi kuliandika kuwa la kale. Ningalilikuta limeachwa, limeanguka, limeota majani, hakuna mtu, ningaliliandika Jumatatu."

Mama alinivuta mkono, akaniuliza kwa Kidigo mgeni amesema nini, maana Kiswahili kile cha kitabu kilikuwa kinampita. Nikamweleza.

"Kwa hivyo anautaka uliokufa?" alisema.

Sikumtafsiria bosi. Njia nzima mpaka kivukoni Likoni alikuwa akiniomba radhi, nami nilikuwa nimevimba kwa hasira, sijui nimkasirikie nani: yeye, sheria yake, Mama, au yule mwenye duka aliyeuza sahani za waridi.

Baadaye bosi yule alipelekwa ng'ambo kusoma. Matrekta ya tajiri yalianza kazi upande wa Galu, mbali kidogo na kwetu, na hoteli ikawa inajengwa kipande kwa kipande kuja upande wetu. Mimi nilikaa miezi sikwenda nyumbani. Sikuwa na uso wa kwenda.

Nilikwenda sikukuu ya Idi. Nilifika karibu na adhuhuri, na kitu cha kwanza kilichonishtua ni kwamba sikusikia adhana kutoka pale ninapopajua. Niliisikia kutoka barabarani, nyuma yangu. Nikakaza mwendo. Nilipopita minazi ya mwisho nikauona msikiti, na kelele iliyonitoka ilifukuza ndege.

Ulikuwa hauna paa. Boriti zilikuwa zimetolewa. Kuta zimekwaruzwa hovyo, chokaa imebakia mabakamabaka. Sakafu ya saruji imevunjwavunjwa, na majani yamefika magotini. Niliwatukana wale watu wa hoteli matusi ambayo mwanamke aliyelelewa vizuri hana haki ya kuyajua. Niliwatukana peke yangu, juani, mpaka swala ikaisha na Mjomba akatokea.

"Shikamoo, Mjomba. Wamewafanya nini hawa washenzi?"

"Marahaba. Punguza sauti," aliniambia. "Ni sisi."

"Ni nyinyi nini?"

"Tumeuezua sisi wenyewe."

Nilimtazama kama ninayemwona mara ya kwanza. Alinikalisha mkekani mbele ya nyumba yake akanieleza, kwa utulivu ulionitia wazimu zaidi. Walikaa kikao baada ya swala ya Ijumaa. Mgeni alisema anachokitaka, na wao wakaona wana uwezo wa kumpa. Walisoma dua, wakatoa misahafu, mikeka na taa. Ikaja zamu ya paa, na hakuna mwanamume aliyethubutu kung'oa kuti la kwanza. Wote walitazamana. Basi akapanda yeye, imamu, na umri wake, akaling'oa. Baada ya hapo wengine wakafuata. Chokaa wakaikwaruza kwa mapanga na makumbi ya nazi. Ile mihirabu iliyosawazishwa waliinyunyizia maji kila siku na kuichokonoa kwa vijiti, plasta ikatoka, majani na mafundo yakaonekana tena. Zile sahani za kichina wakazirudisha kila moja mahali pake, pamoja na ile ya kuku.

"Na sasa mnaswali wapi?"

"Tumejenga banda kule barabarani. Hapa hapakanyagwi na mtu. Majani yaote."

"Mjomba, mmepatwa na wazimu!" Nilisimama. "Msikiti wa mababu! Mnaung'oa kwa mikono yenu kwa sababu ya neno moja la karani wa serikali?"

"Usimpigie mjomba wako makelele," Mama alisema. Alikuwa mlangoni mwa jiko, sikumwona alivyofika. Alikuwa amekonda. Nikakumbuka kuwa ni Ijumaa.

"Na wewe, Mama? Kaburini huendi?"

"Siendi."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipouezua. Nikienda kila wiki, nyayo zangu zitafanya njia. Wakija watu wa serikali wakaona njia, watajua pana watu."

Nilikaa tena. Hasira ilinitoka mwilini, nikabakia na baridi tu, mchana kweupe. Jioni ile, baada ya alasiri, nilimwona Mama amekaa kwenye kibao cha mbuzi mlangoni mwa jiko, anakuna nazi, ameelekea upande wa makaburi. Midomo yake ilikuwa inakwenda. Alikuwa anampa Baba habari za wiki kutoka pale.

Masika yalikuja, yakaja tena. Kila mvua kubwa kipande cha ukuta kilianguka, na kikianguka kijiji kizima kilisikia, na hakuna aliyekwenda kutazama. Mjomba alikuwa akisema "Inna lillahi" kama amesikia msiba wa mtu, akaendelea na alichokuwa anakifanya. Huku majani yanaota, kule hoteli inasogea. Kila nilipokuja nilipima kwa macho kipi kiko karibu zaidi.

Halafu asubuhi moja bosi mpya aliingia afisini anakimbia. Alikuwa kijana aliyetoka chuo kikuu juzijuzi, anaipenda kazi yake kupita kiasi. Mikono ilikuwa na mikwaruzo na suruali imejaa kishonanguo.

"Nimegundua!" alisema. "Gofu la msikiti, karibu na Galu! Mihirabu imechongwa, sahani za kichina ziko mahali pake! Msitu umeumeza wote. Hakuna hata njia ya mguu!"

Nilishika ukingo wa meza. Hakuna hata njia ya mguu. Akilini nilimwona Mama na kibao chake cha mbuzi.

"Wewe si mtu wa kule?" aliniuliza. "Uliwahi kusikia habari zake?"

"Watu wa kule siku hizi hawapiti huko," nilisema. Na ilikuwa kweli tupu.

Alinisomea ripoti yake huku anatembea huku na huku, nami napiga taipu. Akafika mahali akasema: "Msikiti huu uliachwa na wenyeji kwa sababu zisizojulikana." Vidole vyangu vilisimama.

"Nini?" aliuliza.

"Utepe umekwama," nilisema, nikaendelea.

Msikiti ulitangazwa. Tajiri alifika afisini akafoka, akatoka anapiga mlango, na ukuta wa hoteli yake ukaishia penye mpaka wetu. Nilipeleka habari nyumbani mwenyewe, sikumtuma mchuuzi wa samaki. Kina mama walipiga vigelegele mpaka wapita njia wakauliza nani anaolewa. Mjomba alisujudu pale pale uani, na alipoinuka alikuwa na mchanga kwenye paji la uso na machozi ndevuni.

Sikujua alichokuwa anakipanga. Laiti ningalijua, ningalimwambia mapema.

Seng'enge iliwekwa kuuzunguka msikiti pamoja na makaburi yote, lango likatiwa kufuli, akaletwa mlinzi kutoka mbali. Asubuhi iliyofuata Mjomba alitoka nyumbani amevaa kanzu ya Ijumaa, amejitwika mzigo wa makuti mapya. Nyuma yake wanaume walikuwa na boriti mabegani. Nilikuwa nimekuja na gari la idara lililoleta bango, na nilipowaona nilidhani macho yananidanganya.

"Mzee, simama hapo," mlinzi alisema. "Ni marufuku."

"Nafungua msikiti," Mjomba alisema. "Mimi ndiye imamu."

Mlinzi alicheka, si kwa ubaya. "Mzee, huu hauna imamu. Huu ni wa kale."

Mjomba alinigeukia. Mpaka leo uso ule ninao.

"Si umeshalindwa?" aliniuliza. "Si walitaka kuuona umekufa, na wameuona? Sasa mbona hatuuezeki?"

Wote walikuwa wananitazama, na boriti mabegani. Waliamini kwamba ulinzi ni kama dawa: mgonjwa akishapona, anainuka kitandani. Ikabidi mimi, mbele ya wanaume wa kijiji chetu, niwaeleze yale maneno niliyoyahifadhi. Kwamba hapatengenezwi. Hapajengwi. Hapaswaliwi. Hapazikwi. Kila neno nililolitamka lilimshusha Mjomba mzigo kidogo, mpaka yale makuti yakalala chini kabisa. Hakugombana. Alisema tu kwamba swala ya Ijumaa inakaribia, na akatangulia kwenda bandani.

Mama ndiye aliyebaki. Alikuwa amesimama mbele ya bango, na nilipomtazama miguu nikaona amevua ndala zake, kwa mazoea, kama alivyokuwa akifanya zamani alipofika pale. Mama anasoma Kurani vizuri, lakini herufi za kizungu hazijui.

"Wameandika nini?" aliniuliza.

Nilimsomea. Jina la idara. Onyo la kutoingia bila kibali. Kisha ule mstari wangu mwenyewe, sasa umechorwa kwa rangi nyeusi: uliachwa na wenyeji kwa sababu zisizojulikana. Moshi wa jiko letu ulikuwa unapita mbele ya bango wakati ninasoma. Nilitaka kuling'oa kwa meno.

Mama alitazama ndani ya seng'enge, upande wa makaburi.

"Na baba yako yumo?"

"Yumo, Mama."

"Naye amelindwa?"

"Naye amelindwa."

"Hawamhamishi?"

"Hakuna wa kumhamisha."

"Na mimi?"

Nilijua anauliza nini. Alikuwa amejiwekea mahali ubavuni mwa Baba, na sisi sote tulipajua. Nilitikisa kichwa tu, na yeye alielewa, akajifuta jasho kwa ncha ya leso.

"Nisomee tena pale pa sababu," alisema.

"Kwa sababu zisizojulikana."

Alimtazama mlinzi, akaona yuko mbali, akaniinamia sikioni kama siku ile ya chokaa.

"Vyema," aliniambia. "Basi nyamaza. Wasije wakajua."

Kisha akavaa ndala zake akarudi jikoni, maana ilikuwa Ijumaa, na nazi zilikuwa bado hazijakunwa.